Kabla hujanunua taa ya mimea, angalia kwanza majani yanavyopandana (wa Mombasa hasa)

roshani_kibokoni

Salaam aleikum wapenzi wa mimea. Kila siku naona mtu ameweka picha ya mmea wake wa ndani, shina limerefuka likawa jembamba, majani yamebaki kule juu tu, ya chini yamegeuka manjano na kupukutika, halafu jibu analopewa ni lile lile, nunua taa. Ngojeni kwanza jamani. Taa ina kazi yake na tutaifikia, lakini wengi tunaokaa Mombasa mwanga tunao, tena mwingi, tatizo ni kwamba ukishaingia ndani unakamatwa na majani machache ya mbele na mengine yote yanabaki gizani.

Jani moja la kijani lililokomaa hula kama asilimia 80 mpaka 90 ya ule mwanga ambao mmea unautumia kutengeneza chakula. Kwahiyo chini ya jani moja kinabaki kidogo, tuseme sehemu moja kwa kumi hivi, na chini ya mawili yaliyolaliana ni kama hakuna kitu. Hata hicho kidogo chenyewe si mwanga mzuri, ni wa kijani kijani pamoja na ule mwekundu wa mwisho kabisa ambao macho yetu hayauoni vizuri. Sasa mmea una kitu ndani yake kinaitwa fitokromu, kazi yake ni kulinganisha mwekundu wa kawaida na huo wa mwisho, ikiona wa kawaida umepungua na wa mwisho umezidi basi mmea ushajua kuna majani yameufunika, unaacha kunenepa unakimbilia kurefuka. Ndio maana unakuta mmea uko dirishani kabisa na bado unarefuka ovyo, unakimbia kivuli cha majani yake wenyewe ama ya jirani yake uliyemuweka karibu mno.

Na jani la chini likishakaa gizani muda mrefu linatumia chakula zaidi ya linachopika. Mmea hauliachi hivyo, unavuta naitrojeni iliyomo unaipeleka kwa majani ya juu yenye mwanga, lile la chini linageuka manjano linaanguka. Mwenye mmea akiona manjano anafikiri ni kiu, anazidisha maji, mizizi inaoza, mmea unakufa kwa maji na shida ilikua mwanga.

Ninachotaka tukishike kwa uzi huu ni hiki, kabla hujashika makasi jiulize mwanga wako unatoka upande gani. Shambani unatoka juu. Nyumbani unatoka dirishani yaani unaingia ubavuni, na majani yapangwe kufuata hivyo. Kama unategemea dirisha, mmea uutandaze upana wake uangalie kioo, usiwe mnene kwenda ndani ya chumba, manake majani ya nyuma hayatapata kitu. Kama unategemea taa iliyoning'inia juu, mmea uwe bapa, vichwa vyote viwe kimo kimoja. Watu wanasoma maelekezo ya mmea wa taa wanayatumia kwa mmea wa dirisha halafu wanashangaa.

Na hii ya "weka dirisha la kusini" mnayosoma imeandikwa na watu wa Ulaya na Marekani kwa ajili ya kwao. Mombasa tuko kama nyuzi 4 kusini ya ikweta. Mwanzoni mwa Machi na mwanzoni mwa Oktoba jua la saa sita mchana liko utosini. Kuanzia Oktoba mpaka Machi limeinamia kusini, dirisha la kusini linalipata na la kaskazini halilipati. Machi mpaka Septemba ni kinyume chake. Mmea ule ule, dirisha lile lile la kusini, Januari uko juani na Julai uko kivulini na wewe hujausogeza hata kidogo. Halafu jua letu la mchana liko juu sana, ukiwa na roshani ama kibaraza cha jirani juu yako haliingii ndani kabisa, kinachoingia ni la asubuhi kwa dirisha la mashariki, la jioni kwa la magharibi, na mwanga wa mbingu. Na sisi wa Mji wa Kale na vichochoro vyetu, mwanga mwingi tunaopata ni ule unaogonga ukuta wa chokaa wa jirani ukaturudia.

Wenye mimea leteni hali zenu tuone.

bint_tudor

Waleikum salaam. Umenigusa kabisa. Mimi nina money planti imening'inia karibu na dirisha, gorofa ya tatu Tudor, dirisha linaangalia mashariki. Imeshuka ndefu karibu ifike chini lakini pale kwenye chungu ni uchi kabisa, kamba tupu, majani yako mwishoni huko. Nimetia mbolea, nimebadilisha udongo, wapi. Nifanyeje kaka, ama dada, sijui nikuiteje.

roshani_kibokoni

Dada sawa tu, niite dada. Money planti yako haina kosa, na mbolea haitarudisha jani pale lilipoanguka. Angalia chungu kiko kimo gani ukilinganisha na dirisha. Wengi wananing'iniza juu kabisa karibu na dari, dirisha linaishia chini ya chungu, kwahiyo ile sehemu ya juu inakaa kwenye kivuli cha ukuta na kamba zinazoshuka ndio zinapata mwanga. Shusha chungu mpaka uso wa udongo uwe usawa wa kioo.

Ukishashusha, kata zile kamba. Angalia vizuri shina utaona kila lilipotoka jani kuna kifundo, na karibu na kifundo kuna kipele cha rangi ya kahawia, huo ndio mzizi wa hewa unaongoja. Kata katikati ya vifundo, kila kipande kiwe na kifundo angalau kimoja na jani lake, tia kwenye chupa ya maji. Ile sehemu ya uchi iliyobaki kwa chungu kata ibaki fupi, itachipua kwenye vifundo vilivyobaki ikishaona mwanga, lakini itachipua kwa wakati wake usiiharakishe.

Na kama unataka majani makubwa usiiache ining'inie, ipandishe. Money planti ni mmea wa kukwea miti, ikipata gogo ama ubao wenye makumbi ya nazi ikang'ang'ania kwenda juu majani yanakua makubwa zaidi, ikining'inia yanazidi kua madogo. Makumbi kwetu tunayo ya bure.

mkulima_gorofani

Mwenye uzi umeandika vizuri lakini naona unazunguka. Mimi Bamburi nina chumba nimefunga taa za LED, napanda pilipili, saladi na mrehani. Siri ni moja tu, toa majani. Yale makubwa makubwa yote yanayofunika nayang'oa, mwanga unafika mpaka chini, hewa inapita. Pilipili zangu zimetoa maua kila tawi. Watu wanaogopa kutoa majani bure.

roshani_kibokoni

@mkulima_gorofani ndugu yangu hewa nakubali mia kwa mia, na kwa unyevu huu wa Mombasa nitakuunga mkono zaidi. Lakini kung'oa majani makubwa yote hapana. Jani kubwa lililo juani ndio jiko la mmea. Pilipili ikishika tunda linalishwa na majani yaliyo karibu nalo, ukiyatoa utapata maua mengi na matunda madogo, ama yadondoke kabla hayajakomaa. Mwanga kufika chini haufai kitu kama hakuna jani la kuupokea, utaishia kumulika udongo.

Kwa pilipili mimi natoa yaliyo chini ya panda ya kwanza, pale shina linapogawanyika mara mbili, hasa yanayogusa udongo, manake hayo hayapati mwanga na maji yakiruka kutoka kwa udongo ndio yanayoanza kupata magonjwa. Natoa na yaliyozeeka yakaanza manjano. Jani kubwa lililofunika tawi changa nalisogeza, nalikunja nalipitisha nyuma ya tawi, ama tawi lenyewe nalivuta pembeni na kufunga. Likikataa kabisa ndio nalikata. Na kwa mara moja usizidishe theluthi ya majani yote, hata mmea uwe na nguvu vipi, halafu uuache upumzike mpaka uone machipukizi mapya ndio urudie.

Saladi ndio usiseme, pale unachovuna ni jani lenyewe, vuna ya nje yaliyofunika wenzake na katikati iachie ikue, unapunguza kivuli na mboga unapata.

kaka_kisauni

Nimewaelewa nyote wawili lakini mnijibu hili. Nyumbani Kisauni tuna minazi na mwembe mmoja mkubwa. Chini ya minazi mamangu anapanda mihogo na mananasi na yanatoka vizuri, chini ya mwembe hata nyasi haioti. Na mnazi una makuti makubwa kuliko jani la mwembe mara mia. Hii ndio hiyo hiyo mnayozungumza?

roshani_kibokoni

Ndio yenyewe, na mfano mzuri kuliko wote niliotoa mimi. Kuti limechanika chanika, mwanga unapita kati ya zile njiti, na upepo ukivuma vile vidoa vya jua vinatembea huko chini kila kitu kinaonja kidogo. Tena makuti yako juu sana kwa hivyo jua la asubuhi na la jioni linapenya chini yake. Mwembe majani yake yamepangana tabaka kwa tabaka mpaka hakuna mwanya. Ukubwa wa jani si hoja, hoja ni mianya na mpangilio. Mmea wako wa ndani uutengeneze kama mnazi, usiwe kama mwembe.

bi_mrehani

Wanangu hamjambo. Mie hizo fitokromu sizijui lakini mrehani naujua. Tangu tukiwa wasichana twaukata kwa ajili ya vikuba, harusi ikiwapo mtaani watu wapita nyumba kwa nyumba wakiomba mrehani na asumini, na nyumba iliyokua ikiombwa sana ndiyo iliyokua na mrehani mnene, ile isiyoombwa mrehani wake warefuka, watoa maua, wakauka. Kukata ndiko kunakoufanya ujae. Wangu uko kwenye kopo la mafuta ya kupikia hapa dirishani, sitii dawa wala taa. Nafinya kwa ukucha tu.

Asumini ndiyo inayonishinda. Majani mengi, maua hakuna. Imejaa dirisha zima mpaka chumba kimekua giza.

roshani_kibokoni

Shikamoo bi. Hapo kwa mrehani hakuna la kuongeza ila nieleze kwa nini inafanya kazi ili wengine waige. Ile ncha ya juu ya tawi inateremsha homoni inaitwa oksini, na maadamu ncha ipo, vijicho vya pembeni vinalala. Ukiifinya ncha vijicho vinaamka. Mrehani majani yake yanatoka mawili mawili yakiangaliana, na kwenye kwapa la kila jani ukichungulia utaona kichipukizi kidogo sana kama punje. Finya juu kidogo ya hapo, usiache kijiti kirefu kitaoza, na usifinye chini yake utakua umeondoa na hivyo vichipukizi. Tawi moja linakua mawili, mawili yanakua manne. Fanya hivyo kabla haujatoa maua, ukishatoa maua mmea unaingia kwenye kazi ya mbegu na majani yanakua madogo.

Asumini bi, kwanza yataka jua lenyewe si mwanga tu, saa kadhaa kwa siku. Pili inatoa maua kwenye matawi mapya, yale ya mwaka juzi yamebaki kua kivuli. Kwa vile sasa haina maua ipunguze, matawi makavu na yanayopita ndani ndani yakatwe mpaka mwanzo wake, yaliyobaki yafupishwe. Halafu yatandaze kwenye nondo za dirisha, funga kwa vitambaa vya kanga kuukuu usifunge kwa waya, tawi hapa tawi pale na uache mianya kati yake. Chumba kitapata mwanga na asumini itapata mwanga.

bi_mrehani

Marahaba mwanangu. Nitamwita mjukuu anikatie.

fundi_globu

Mimi nafanya kazi za stima, na nimefungia watu taa za mimea kadhaa Nyali na Mtwapa. Naongezea upande wangu kwa sababu mwenye uzi amesema ataitaja taa na hajaitaja.

Kosa linalorudiwa ni kufunga taa darini na mmea uko sakafuni. Globu ndogo ukiongeza umbali mara mbili mwanga unaofika unashuka mpaka robo, zile ndefu za mstari haishuki kwa ukali huo lakini inashuka. Kwa saladi na mrehani shusha taa mpaka kama sentimita 20 au 30 juu ya vichwa, weka mkono wako hapo kwa dakika, ukihisi joto linakuchoma pandisha kidogo. Sasa mwanga ukiwa karibu hivyo ndio ile hoja ya kimo kimoja inakua muhimu, manake tawi moja likichomoza sentimita 15 juu ya wenzake, lenyewe liko karibu kuungua na wenzake wako mbali na taa, na hauwezi kushusha taa kwa ajili yao.

Gharama watu wanaogopa bure pia. Taa ya wati 30 ikiwaka masaa 12 ni kama uniti 0.36 kwa siku, mwezi mzima ni kama uniti 11. Tia kitaima iwake saa kumi na mbili asubuhi izime saa kumi na mbili jioni, usiache ikawaka usiku kucha kwa kufikiri unasaidia. Na kama mnapotewa na stima kama sisi huku kwetu msiwe na wasiwasi, siku moja bila taa mmea hauumii, mkiweza usogezeni karibu na dirisha.

mkulima_gorofani

@fundi_globu hapo kwa kimo kimoja ndio kunanipa taabu. Mrehani sawa nafinya. Pilipili ina tawi moja linapanda linaacha wenzake, nikilikata napoteza maua yaliyo juu yake.

roshani_kibokoni

Usilikate, lilaze. Ngoja alasiri wakati udongo umekauka kidogo, shina linakua laini, asubuhi limejaa maji linavunjika rahisi. Shika kwa vidole viwili pale unapotaka lipinde, lizoeshe kwa kulikanda taratibu, halafu livute pembeni na kulifunga kwenye ukingo wa chungu, toboa tundu ukingoni upitishe kitambaa. Usilazimishe siku moja, leo kidogo, kesho kutwa unavuta tena. Baada ya muda ncha itajiinua yenyewe kutafuta mwanga na vijicho vyote vilivyokua ubavuni mwa lile tawi sasa viko juu, vinaona taa moja kwa moja, na kila kimoja kinapanda. Hujapoteza jani hata moja, na pale palipokua na kichwa kimoja una vichwa vitano sita kimo sawa. Wengine wanatandaza wavu wenye matundu makubwa juu ya mmea wanapitisha matawi chini yake, ni kazi ile ile, ule wavu wa samaki uliochakaa unafaa sana.

Kwangu hii ndio mbinu ya kwanza siku zote, kulaza. Ya pili kufinya vichwa. Kutoa majani inakuja mwisho.

nyali_upepo

Hamjataja chumvi na vumbi. Mimi Nyali, madirisha yanaangalia bahari, upepo wa kusi ukianza majani yanashika kitu kinanata, ukipitisha kidole kinatoka kijivu. Nina raba planti na ile yenye majani makubwa mapana, nimezifuta kwa mafuta ya nazi zinang'aa lakini naona kama zimedumaa.

roshani_kibokoni

Umefanya vyema kulileta. Vumbi na chumvi ni kama pazia lililolala juu ya kila jani, unaweza kupanga majani vizuri na bado mwanga usiingie. Lakini mafuta acha. Yanang'arisha kwa siku mbili halafu yanakamata vumbi zaidi, na yanaweza kuziba vile vitundu ambavyo jani linapumulia. Tumia maji baridi na kitambaa laini, mkono mmoja chini ya jani unalishikilia, mwingine unafuta kutoka kikonyoni kwenda nchani, juu na chini, manake chini ndiko wanakojificha utitiri na wale wadudu weupe wanaofanana na pamba. Wakati wa kusi fanya mara kwa mara zaidi.

Hizo mbili ulizotaja hazitoi matawi zenyewe, zitapanda shina moja mpaka dari. Ukitaka zitandazike kata kichwa, vijicho viwili vitatu chini yake vitaamka. Vaa glavu, ule utomvu mweupe unawasha ngozi na ukidondokea nguo hautoki. Na mwelekeo ukiwa mashariki jua la asubuhi ni zuri sana kwao.

kaka_kisauni

Na kugeuza chungu? Nimesikia wengine wanasema geuza, wengine wanasema ukigeuza mmea unakasirika unadondosha majani.

roshani_kibokoni

Wote wako sawa, inategemea mmea. Mrehani, money planti, sneki planti, raba planti, geuza robo kila wiki, bila hivyo shina linainama upande mmoja na upande wa chumba unakua uchi. Ule mfaikasi wenye majani madogo madogo ndio usiopenda kubadilishiwa mwanga ghafla, huo hudondosha majani hata ukiusogeza chumba kingine, ukiupatia mahali pazuri uache hapo. Na mmea uliouzoesha kutandaa ukiangalia dirisha, nao usiugeuze, utakua umeuharibia mpangilio wote, badala yake weka kitu cheupe nyuma yake. Ukuta wa chokaa, shuka jeupe, boksi uliloligeuza upande mweupe, chochote. Rangi nyeupe inarudisha mwanga mwingi sana uliokwishapita mmea, na majani ya nyuma yanalishwa kutoka huko.

Na mimea ikiwa mingi kwa dirisha moja, mifupi iwe mbele karibu na kioo na mirefu nyuma, kila mmoja uwe na nafasi jani la huyu lisikae juu ya jani la yule. Nimeona watu wanapanga mirefu mbele kwa sababu inapendeza ukiwa nje barabarani. Ya nyuma inakufa moja moja.

bint_tudor

Dada maswali mawili ya mwisho. Vioo vyetu ni vile vya rangi nyeusi na juu yake kuna neti ya mbu. Na nina paka wawili na mtoto anayetambaa, hizo kamba nikizishusha si watazitafuna.

roshani_kibokoni

Kioo cha rangi na neti vyote vinakula mwanga, si kidogo. Neti ifute, ikijaa vumbi ndio mbaya zaidi. Mchana mbu wakipungua fungua kile kioo cha kuteleza, mwanga upite kwa neti peke yake. Ukitaka kujua umebaki na kiasi gani kuna programu za simu zinazopima luksi, yaani kipimo cha mwanga, si sahihi sana lakini zinakuonyesha tofauti. Nje jua kali la mchana ni kama luksi 100,000, dirishani ndani inaweza kua elfu chache, katikati ya chumba mia chache tu. Na bila simu, saa sita mchana weka karatasi nyeupe pale kwenye mmea, mkono wako juu yake kiasi cha shubiri. Kivuli kikiwa na ukingo mkali mwanga ni mzuri, kikiwa hafifu ila vidole vinahesabika ni wa kadiri, usipokiona kabisa hapo hata kupanga majani hakutasaidia, ndio pa @fundi_globu. Halafu rudia ile karatasi chini ya majani yenyewe, ndani kabisa, utaona mwenyewe kinachofika huko.

Paka na mtoto hapana, usiziache zifikiwe. Money planti ikitafunwa inawasha mdomo na koo vibaya, ina vijisindano vidogo vya kalsiamu. Basi usiishushe wazi. Weka kwenye rafu iliyo usawa wa nusu ya juu ya kioo, na badala ya kuziachia kamba chini zipandishe kwa gogo kama nilivyokwambia mwanzo.

mkulima_gorofani

Leo nimelaza matawi mawili ya pilipili, moja limepasuka kidogo pale kwenye pindo lakini halijakatika.

roshani_kibokoni

Lifunge hapo kwa utepe wa gundi ama kitambaa, likaze kiasi lisicheze, litajiponya na pale pataota fundo gumu. Usilivute tena mpaka uone ncha imeinuka. Na kama yapo majani yaliyozoea kivuli ambayo sasa yameona taa ghafla, pandisha taa kidogo kwa wiki moja halafu ushushe polepole, jani la kivulini ni jembamba linaungua haraka.

bint_tudor

Nimekata. Vipande nane viko kwenye chupa. Nitajuaje wakati wa kuvipanda?

roshani_kibokoni

Mizizi ikifika urefu wa kidole. Maji badilisha kila baada ya siku chache, kifundo kiwe ndani ya maji na jani liwe nje. Vikiwa tayari virudishe vyote kwenye chungu kile kile kuzunguka mama yao, kila kimoja ukigeuzie jani lake upande wa dirisha.